Bibi yuko kijijini, wajukuu wako mbali: wapeni kazi ya kufanya pamoja kwanza, simu ifuate

Mwana wa Bwera (mwenye uzi)

Salaam wakubwa kwa wadogo.

Mara kwa mara hapa mtu anauliza anunue simu gani ampelekee mama yake kijijini ili aongee na wajukuu. Majibu huwa ni kamera, betri na bei. Leo naomba tuanzie kwingine, maana jambo hili linanigusa na nimeliona katika nyumba nyingi. Simu nzuri inanunuliwa, inapelekwa kijijini, mwanzoni ni shangwe tupu. Baadaye mazungumzo yanabaki haya: "Hujambo?" "Sijambo." "Unasoma?" "Nasoma." "Haya, mpe mama simu." Mtoto anakimbia, bibi anabaki ameshika simu.

Wengine wanasema watoto wa mjini hawana adabu. Mimi sikubali. Mtoto wa miaka saba hawezi kukaa akahojiwa na mtu anayemwona Krismasi kwa Krismasi. Watoto huongea huku wanafanya kitu. Na bibi zetu wenyewe hawakutulea kwa mahojiano. Ulipewa maharage uchambue, hadithi ikaja humo humo. Kwa hiyo kabla hujauliza simu gani, uliza bibi na mjukuu watakuwa na kazi gani ya pamoja kila wiki. Ukiipata hiyo kazi, hata katochi, ile simu ndogo ya vitufe, inatosha. Ukiikosa, hata simu ya milioni mbili haitasaidia.

Kwetu iko hivi. Mama yangu yuko Bwera, karibu na mpaka wa Mpondwe, zaidi ya kilomita 350 kutoka Kampala. Anaongea Lhukonzo na Kiswahili, kama wazee wengi wa kule waliozoea biashara na Kongo. Wanangu wamezaliwa hapa Kampala, lugha zao ni Luganda na Kiingereza, Lhukonzo wanajua salamu tu. Yaani bibi na wajukuu hawakuwa na lugha ya kuongelea, na hilo halitibiwi na kamera. Serikali ilipopitisha Julai 2022 kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe shule za msingi na sekondari, shule ya binti yangu nayo ikaanza kukifundisha. Nikamwambia: mwalimu wako wa nyumbani yuko Bwera.

Basi jioni anasoma sentensi zake kwenye ujumbe wa sauti wa WhatsApp, anamtumia bibi. Bibi anasikiliza akipata nafasi, mbuzi wakishafungwa, kisha anajibu. Siku moja mtoto alianza tu: "Mananasi yanauzwa sokoni." Jibu likaja: "Kwanza salamu. Mtu mzima huanzi naye na mananasi." Halafu akamsimulia kina mama wanaovuka mto Lhubiriha na mabeseni kichwani, nani anauza nini, nani alimdhulumu nani. Mtoto akauliza swali, bibi akajibu, na tangu hapo maswali hayaishi. Kwa nini kwetu kifungua mimba wa kike ni Masika na wa kiume ni Baluku? Treni ya Kasese ilikuwaje? Reli ilifika Kasese mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe, na mama aliipanda akiwa msichana. Mimi mwanawe nimeyasikia hayo kwa mara ya kwanza kupitia simu ya binti yangu.

Jumapili wanapika bundu, ugali wetu wa unga wa muhogo. Simu inawekwa spika, mama yao yuko pembeni kwa sababu ya moto. Bibi haoni sufuria, kwa hiyo anasema, "Sogeza simu karibu nisikie maji." Kimya. Anasikiliza. "Bado." Wanangoja. "Sogeza tena... Haya, mimina unga, usikimbie." Na bundu linatoka.

Ninyi mmewapa wazee na wajukuu wenu kazi gani? Na mafundi mliopo, tusaidieni upande wa mitambo.

Mama wa Jinja

Umesema kweli tupu. Lakini mama mkwe wangu yuko Tororo, ana katochi, na jicho moja lina mtoto wa jicho. WhatsApp hana. Wajukuu wanampenda ila kumpata kwenye simu ni shida, na akipiga yeye anakosea namba, anaongea na watu baki. Nianzie wapi?

Fundi wa Senta

Mama wa Jinja, katochi usiidharau. Chaji inakaa siku nyingi, ina redio, ina tochi, ikianguka inaokotwa. Kwa mzee asiye na umeme nyumbani, anayepeleka simu kuchajiwa senta, hayo ni mambo makubwa kuliko kamera.

Fanya hivi. Ingia kwenye mipangilio ya kupiga haraka, weka namba ya mjukuu kwenye kitufe cha 2, ya mwanawe kwenye cha 3. Mzee anabonyeza kitufe kimoja na kukishikilia, simu inapiga yenyewe. Kwenye kitufe cha 2 tia tone la rangi ya kucha, likauke, kidole kitalihisi hata gizani. Nimewafanyia wazee wengi hapa na hawapotei tena. Halafu mkubaliane kubipu: bipu moja maana yake nimeamka salama, mbili maana yake nipigie. Wazee wanaijua lugha hiyo tangu zamani, haihitaji somo.

Kwa wenye simu janja: fungua mazungumzo ya mjukuu kwenye WhatsApp, ingia kwenye vidoti vitatu, utaona sehemu ya kuongeza njia ya mkato. Picha ya mjukuu inakaa mbele kabisa kwenye skrini. Bibi hatafuti jina wala hasomi, anagusa uso. Ndani ya WhatsApp yenyewe mbandike mjukuu juu ya orodha asizamishwe na magrupu ya kanisa na ya SACCO. Na jambo ambalo wengi hawalijui: wakati wa kurekodi, ukivuta kidole juu kuelekea kwenye kufuli, simu inaendelea kurekodi yenyewe. Mzee mwenye mikono inayotetemeka hana haja ya kushikilia kitufe. Anaiweka mezani, anaongea mpaka amalize, anatuma.

Jambo la mwisho, zima upakuaji wa picha na video kwenye data. Bando la wazee halimalizwi na wajukuu, linamalizwa na video za kusambazwa. Ujumbe wa sauti utaendelea kuingia wenyewe hata ukizima hayo mengine, na dakika nzima ya sauti haifiki megabaiti moja. Simu ya video inakula megabaiti kadhaa kila dakika.

Nesi wa Arua

Naongezea upande wangu. Mama wa Jinja, mtoto wa jicho hupasuliwa, na upasuaji wenyewe ni mfupi. Kabla hujanunua simu yenye herufi kubwa, mpeleke mama kliniki ya macho. Pesa hiyo itamfaa zaidi.

Sasa masikio, maana hapo ndipo wengi wanaumia bila kujua. Uzeeni masikio huanza kupoteza sauti nyembamba. Sauti za s, f, sh na t ndizo huondoka kwanza, na sauti za watoto wadogo ni nyembamba kwa asili. Juu ya hapo, simu ya kawaida ya mtandao wa zamani hupitisha sauti za kati ya hezi 300 na 3,400 tu (hezi ni kipimo cha unene na wembamba wa sauti), na sehemu kubwa ya s na f iko juu ya hapo. Kwa hiyo bibi anasikia kwamba mtoto anaongea lakini maneno hayakamati. Anajibu "eeeh, eeeh" kwa heshima. Mtoto naye anahisi hasikilizwi, anakata tamaa. Wote wawili wanapendana na hakuna mwenye kosa.

Mfundisheni mtoto kuongea polepole na kwa sauti nzito kidogo, sentensi fupi, akiwa mbali na televisheni. Kupiga kelele hakusaidii, kunaharibu maneno. Ujumbe wa sauti una faida nyingine: bibi anaweza kuurudia mara nyingi anavyotaka bila kuona haya ya kusema "sikusikia". Na akiiweka simu sikioni wakati unacheza, WhatsApp huhamisha sauti kwenye kipaza cha sikioni, kwa hiyo hata nyumba ikiwa na watu anasikiliza mambo ya mjukuu wake peke yake.

Baba Pacha Mbarara

Nakubali mengi lakini napinga moja. Mwenye uzi unaiweka video kando mno. Pacha wangu hawajatimiza miaka miwili. Hao huwezi kuwapa kazi ya Kiswahili wala bundu. Wanachojua ni uso. Hata chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, ambacho mwaka 2016 kilishauri watoto walio chini ya miezi 18 wasiwekwe mbele ya skrini, kiliacha nafasi moja tu: kuongea na jamaa kwa video. Babu yao akiwapigia makofi kule Ntungamo, na wao wanapiga. Hiyo nayo ni kazi ya pamoja.

Mwana wa Bwera

Baba Pacha, hapo tuko pamoja. Makofi ni kazi, kuimba ni kazi, kujificha nyuma ya leso na kutokea ni kazi. Ninachokataa ni uso mtupu mbele ya uso mtupu na mama nyuma ananong'ona "sema hujambo babu". Kwa watoto wa umri huo video ni sawa, ila mtu akae na mtoto kumpakata na kumwonyesha. Na upande wa babu, simu isishikwe mkononi. Iegemezwe kwenye chupa ya chai, usawa wa macho, mwanga utoke mbele yake na si mlangoni nyuma ya mgongo. La sivyo watoto wanaona kivuli chenye kofia.

Kazini Dubai

Mimi ndiye mjukuu mwenyewe. Jajja wangu wa Iganga (jajja ndivyo tunavyowaita bibi na babu) alinilea tangu nikiwa mdogo, sasa niko Dubai nafanya kazi ya ulinzi. Ndugu mnaokuja huku mjue mapema: simu za WhatsApp, za sauti na za video, zimezuiwa katika Falme za Kiarabu. Ujumbe wa kuandika na ujumbe wa sauti vinapita vizuri. Kuna programu zilizoruhusiwa kama Botim, lakini na jajja lazima awekewe hiyo hiyo kwenye simu yake kabla hujapanda ndege. Kufika kwanza halafu kuanza kumfundisha kwa mbali ni mateso kwenu wote. Na msidanganyane mambo ya VPN, zile programu za kukwepa vizuizi, sheria ya huku ni kali.

Kazi yetu mimi na jajja ni kahawa. Nilipopata mshahara wa kwanza tulipanda miche nyuma ya nyumba. Yeye ndiye meneja. Ananipa ripoti ya kila mche, upi umekauka, upi umeshikwa na wadudu, nani amepita na mbuzi. Nikitoka zamu ya usiku nakaa kitandani nasikiliza ripoti. Hatuongelei upweke, hatuongelei pesa, tunaongelea kahawa, na humo humo najua kama anaumwa, kwa sababu siku akiumwa ripoti inakuwa fupi.

Lakini kuna mtu katika hadithi hii anayesahaulika kila siku. Anayepiga picha za miche ni binamu yangu wa miaka kumi na miwili anayeishi na jajja. Ndiye anayekimbia senta kuchaji simu, anayeingiza bando, anayebonyeza. Sisi wa mbali tunapiga, tunasema "mpe jajja", basi. Na yeye ni mjukuu pia. Mtoto huyo akichoka, mawasiliano yote yanakufa. Sasa kila ripoti lazima aanze yeye: jina lake, hali ya hewa, jambo la shuleni. Ndipo anampa jajja simu. Na katika kahawa ile kuna miche yake kwa jina lake.

Mama wa Jinja

Kazini Dubai, umenigusa. Kule Tororo kuna mtoto kama huyo na jina lake huwa sijui hata kulitaja mbele ya wanangu. Wiki hii tunaanza naye.

Toka Nakivale

Baba yangu bado yuko Base Camp, kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda. Mimi na watoto tuko Ontario, Kanada. Babu anaongea Kiswahili cha Kongo na Kinyabwisha, watoto Kiingereza. Tofauti ya saa ni saba au nane kutegemea majira, kwa hiyo simu ya moja kwa moja inawezekana Jumamosi tu, saa mbili usiku kule, mchana huku.

Babu alichagua hadithi. Anairekodi vipande, na kila kipande anakiachia pabaya: sungura yuko ndani ya shimo, fisi yuko mlangoni, "nitaendelea mkinijibu sungura afanye nini". Watoto lazima wajibu, na kwa Kiswahili, la sivyo sungura anabaki shimoni. Wamegombana chakula cha jioni kizima juu ya sungura. Mdogo anataka achimbe, mkubwa anataka amdanganye fisi. Mwishowe wakatuma majibu mawili, babu akayatumia yote mawili ndani ya hadithi.

Huku kampuni kubwa zimejaribu kutengeneza vifaa maalumu vya jambo hili. Amazon ilitangaza kimoja mwaka 2021 kiitwacho Glow: kinamwonyesha bibi kwenye skrini ndogo iliyosimama na kumulika michezo juu ya meza mbele ya mtoto, bibi akiwa na tableti yake mbali. Wazo lilikuwa sahihi kabisa, ndilo hili la mwenye uzi: wawe na kitu kati yao, wasikodoleane macho tu. Lakini mwaka 2022 walikisitisha. Na hata kingeendelea, kinataka intaneti ya nyumbani isiyokatika. Babu wa Base Camp kingemfaa nini? Sungura wake anaenda na megabaiti mbili.

Kwa wenzangu wenye wazee kambini: mkimbizi hapo Uganda anaweza kusajili laini kwa kitambulisho chake cha ukimbizi. Laini iwe kwa jina la mzee mwenyewe. Laini ya jina la jirani, jirani akihama mmepotezana.

Kete 64

Na mimi niwape ya kwetu. Babu yangu yuko Mukono, mpwa wangu yuko bweni Uingereza. Wanacheza omweso, bao la kwetu Uganda, kwa ujumbe wa sauti. Ndiyo, omweso wenyewe.

Kila mmoja ana ubao wake. Mashimo ni 32, kila mchezaji ana mashimo 16 katika mistari miwili, na kete zote ni 64, kila upande 32. Tumeyapa mashimo namba, 1 mpaka 16 kwa kila upande, kwa mwelekeo ule ule kete zinakozunguka. Mwanzoni kila mmoja anapanga kete zake anavyotaka, kisha anamtajia mwenzake shimo kwa shimo, naye anazipanga kwenye ubao wake. Baada ya hapo ni kusema namba tu: "Nimeanza la sita." Kwa sababu omweso hauna bahati nasibu wala dadu, ukijua ameanza shimo gani, na kama amezungusha kinyume popote ili kukamata, unaweza kuzungusha kete zake zote mwenyewe na kufika pale pale alipofika. Mkimaliza zamu mnatajiana jumla ya kete, zikilingana mnaendelea, zisipolingana mnahesabu upya. Mvulana amekuwa mkali wa hesabu za kichwa.

Mzee anaweza kukaa siku mbili na zamu yake. Anauacha ubao chini ya mwembe, wazee wenzake wanakuja kuutazama, wanashauriana jinsi ya kumkamata mtoto wa Uingereza. Mpwa wangu anaposikia kwenye sauti kelele za wale wazee nyuma, anacheka mpaka anaita wenzake wa bwenini. Kijiji kizima kinamjua kwa uchezaji wake, na hajawahi kufika pale tangu akiwa wa kubebwa mgongoni.

Mwalimu wa Darasa la Tano

Mwana wa Bwera, nakupongeza, ila nina wasiwasi wa kikazi. Kiswahili cha Bwera kimechanganyika na cha Kongo. Mtoto atajifunza "maembe mbili" kwa bibi, kwenye mtihani tunataka "maembe mawili". Usije ukaniletea lawama mtoto akipoteza alama.

Mwana wa Bwera

Mwalimu, nashukuru na sikupuuzi. Ngeli ni kazi yako, hiyo sikuachii bibi. Lakini niambie: darasani kwako ni watoto wangapi wanaosubutu kufungua mdomo na kuongea Kiswahili bila daftari? Binti yangu anaongea. Anakosea, anaongea. Ujasiri huo na sikio hilo kavipata kwa bibi yake. Mawili na mbili utamrekebisha wewe kwa muhula mmoja.

Mwalimu wa Darasa la Tano

Hapo umenipata pazuri. Kwa kweli wengi hawafungui mdomo. Basi nitafanya hivi: kwenye kazi ya nyumbani nitaweka swali moja la kumuuliza mzee yeyote anayejua Kiswahili, kwa simu au ana kwa ana, na jibu waje kulisimulia darasani. Darasani nina watoto wenye wazee Bombo, Arua, Busia, Kasese. Tutasikia Kiswahili cha kila kona, na ngeli tutazipanga ubaoni.

Mzee wa Busia

Wanangu, jipangeni pia kwa siku ambayo intaneti haipo. Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Waliokuwa wanategemea WhatsApp peke yake walikaa hawajui hali ya wazazi wao, na simu za kawaida zilikuwa zinapita wakati wote huo. Facebook nayo ilifungwa mwezi huo huo, kwa hiyo usimwekee mzee Messenger ukategemea hiyo. Kila mzee awe na namba za wajukuu zimeandikwa kwa kalamu kwenye karatasi, zimebandikwa ukutani. Simu ikiibiwa au ikizima, ataomba ya jirani.

Na gharama msizifiche. Ile kodi ya mitandao ya shilingi 200 kwa siku iliyoanza Julai 2018 iliondolewa mwaka 2021, ila ikaja asilimia 12 juu ya bando lenyewe. Mzee anayetegemea ile pesa kidogo ya wazee ya serikali hawezi kuigawa na bando. Anayetaka kuongea na mzee, amnunulie yeye.

Msichana wa MoMo

Nafanya kazi kwenye kibanda cha pesa za simu na nawaomba sana mlisikie hili. Wazee wanaibiwa kwa kutumia upendo wao kwa wajukuu. Mtu anapiga: "Jajja, mjukuu wako amepata ajali, yuko hospitali, tuma pesa kwa namba hii haraka." Mzee anakuja kwangu anatetemeka, anataka nitume yote. Nikimwomba tumpigie kwanza mjukuu anakasirika, anaona namchelewesha. Na siku hizi sauti ya mtu inaweza kuigizwa na kompyuta, kwa hiyo hata akisema "nimesikia sauti yake mwenyewe" haitoshi.

Nimesoma uzi wote na nimeona mna dawa ambayo hamjaitaja. Familia zenye kazi ya pamoja zina swali ambalo mwizi halijui. "Sungura yuko wapi sasa?" "Mche gani ulikauka?" "Ulianza shimo la ngapi?" Mfundisheni mzee aulize hilo kabla hajagusa namba ya siri. Na namba ya siri asimpe mtu yeyote, hata mimi wa kibandani nikiiomba.

Mama wa Jinja

Msichana wa MoMo, Mungu akubariki. Naandika hilo leo leo.

Fundi, swali lingine. Mwenye uzi anasema bibi ameanza kusimulia mambo ya treni na ya zamani. Hizo sauti zinakaa wapi? Simu ya mtoto ikipotea zinakwenda nazo? Baba yangu alifariki na sina hata neno moja lake kwenye simu.

Fundi wa Senta

Pole sana kwa mzee. Ndiyo, zisipohifadhiwa zinapotea na simu. Kwenye Android ziko ndani ya folda ya WhatsApp, kwenye sehemu ya media, folda iitwayo WhatsApp Voice Notes, zimepangwa kwa wiki. Faili zake huishia na opus, na kompyuta nyingi zinaweza kuzicheza. Njia rahisi kwa asiyependa mambo ya mafolda: shikilia ujumbe wenyewe, chagua kushiriki, jitumie kwa barua pepe au weka kwenye hifadhi ya mtandaoni. Ukiandika tarehe na jambo linalozungumzwa, kwa mfano "treni ya Kasese", utaipata baadaye. Ukisema utazihifadhi zote siku moja hutazihifadhi, kwa hiyo hifadhi ile nzuri siku ile ile imeingia. Na weka nakala kwenye kadi ya kumbukumbu umwachie ndugu mwingine, si wewe peke yako.

Mwambie na mzee kwamba unazihifadhi. Wengine wanafurahi sana, wengine kuna mambo hawataki yasikike nje ya nyumba, na hilo tuwaheshimu.

Mwana wa Bwera

Nimeanza kuzitoa za mama jana usiku, Fundi, nashukuru. Kete 64, binti yangu amesoma ulichoandika na anataka omweso na kaka wa marehemu babu yake, yuko Kilembe. Ubao mmoja tunao, wa pili nautafuta. Nikikosa, je, mashimo yaliyochimbwa ardhini yanafaa?

Kete 64

Yanafaa kabisa, watoto wengi walijifunzia hapo. Au tumia trei mbili za mayai, kata mpaka zibaki safu nne za mashimo manane, na kete ziwe maharage. Jambo moja tu mkubaliane kwa simu kabla ya zamu ya kwanza: kuzungusha kete kinyume ili kukamata. Wazee hutofautiana ni mashimo yapi yanaruhusu hilo. Mwache mzee wa Kilembe aseme anavyocheza yeye, mtoto aandike, ndiyo iwe sheria yenu.